Trekta la Asubuhi Huwashwa Jioni

Hotuba hii niliitoa mbele ya madereva, mafundi na wenye matrekta. Wapo waliokosa kufika wakaomba waisome, kwa hiyo naiweka yote kama ilivyosemwa. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu shikamooni. Madereva, mafundi wenzangu, wenye mashine, na nyie vijana mnaojifunza kazi, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie kuwasha trekta la dizeli wakati wa baridi, tena nimeombwa nisizidishe muda. La baridi nitalimaliza, la muda siahidi.

Nianze na swali. Jana jioni umezima trekta lako likiwa zima kabisa. Limelala usiku kucha, hakuna aliyeligusa. Asubuhi unapiga starta: linazunguka kwa uvivu, linakohoa moshi mweupe, linagoma. Je, usiku ule nani ameliharibu?

Hakuna. Pampu ni ileile, nozeli ni zilezile, pistoni hazijahama. Kilichoondoka ni kitu kimoja tu, nacho ni joto. Naomba mlishike hilo, maana mengine yote nitakayosema leo yanatoka hapo. Trekta la dizeli halina kingine cha kuwashia moto wake. Lina joto tu.

Injini ya petroli ina plagi inayotoa cheche. Ya dizeli haina. Rudolf Diesel alipopata hati miliki ya wazo lake mwaka 1893, na injini yake ilipofanya kazi sawasawa huko Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, msingi ulikuwa huu: bana hewa kwa nguvu, hewa itapata moto yenyewe, kisha nyunyizia mafuta ndani yake. Aliyewahi kujaza upepo kwa pampu ya baiskeli anajua kwamba ukigusa upande wa chini wa pampu unakuta pamepata moto. Sasa ndani ya silinda ya trekta hewa inabanwa mpaka inabaki sehemu moja kati ya 15 mpaka 20 hivi ya ilivyokuwa. Injini ikiwa na uzima wake, hewa hiyo inapita nyuzi 500, na dizeli inashika moto yenyewe kwenye nyuzi mia mbili na kitu. Nafasi ni kubwa sana. Basi kwa nini asubuhi inakataa?

Kwa sababu joto linaibiwa njiani. Hewa imeingia ikiwa ya baridi. Chuma cha silinda ni cha baridi, kinanyonya joto mara tu linapozaliwa. Starta inazungusha polepole, kwa hiyo pistoni inapanda taratibu na hewa inapata muda wa kupoa na kuvuja pembeni ya ringi. Na dizeli yenyewe ikiwa ya baridi haipuliziki vizuri, inaingia kwa matone makubwa. Mpaka pistoni ifike juu, zile nyuzi 500 unazisikia kwenye hadithi tu.

Ndiyo maana nawaambia madereva waangalie bomba la moshi kabla ya kumpigia fundi simu. Ukizungusha ukaona moshi mweupe, mafuta yanafika, ila joto halitoshi kuyachoma. Yanatoka yakiwa mvuke. Ukizungusha na bomba likabaki kavu, hakuna moshi wa rangi yoyote, basi mafuta hayafiki. Hizo ni shida mbili tofauti na dawa zake ni mbili tofauti. Nimeona watu wanafungua nozeli nne kwa trekta lililokuwa linalia baridi tu.

Waliotutangulia walilijua hili vizuri kuliko sisi tunaogeuza ufunguo. Tazameni walivyohangaika. Lanz Bulldog la Ujerumani, lililoanza mwaka 1921, halikuwa dizeli kamili, lakini shida yake ilikuwa hiihii: dereva aliwasha taa ya kupuliza moto, akachoma kichwa cha injini mpaka kikapata joto la kutosha, kisha akachomoa usukani, akauchomeka ubavuni na kuzungushia injini. Field Marshall la Uingereza lilikuwa na silinda moja ya karibu lita 6. Dereva alichukua karatasi iliyotiwa shura, akaiwasha ikafuka, akaifunga ndani ya kichwa cha silinda. Kisha kama hataki kuzungusha kwa mkono alitia risasi isiyo na kichwa mahali pake na kuigonga kwa nyundo. Ndiyo, nyundo. Injini iliwashwa kwa baruti.

Na Caterpillar, walipoanza kuuza matrekta ya minyororo ya dizeli mwaka 1931, waliweka injini ndogo ya petroli ya kuzungushia ile kubwa. Katika miundo yao mingi iliyofuata, maji ya kupoza yalikuwa ya pamoja, na moshi wa ile ndogo ulipitishwa kwenye njia ya hewa ya ile kubwa. Kwa hiyo ile ndogo haikuwa inazungusha tu, ilikuwa inapasha. Ukiiacha inguruma dakika kadhaa, dizeli inazungushwa ikiwa imeshaanza kuota moto.

Mnaona kitu hapo? Taa, karatasi, injini ndogo: wote walikuwa wanapeleka joto kwanza, ndipo wanazungusha. Sisi tumerahisishiwa na ufunguo tukageuza utaratibu. Tunazungusha kwanza, tukishindwa ndipo tunalikumbuka joto, na wakati huo betri imeshakwisha.

Sasa tuingie kwenye betri, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotea bure. Betri ya trekta ni tindikali na chuma cha risasi vinavyofanya kazi kwa kemia, na kemia haipendi baridi. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri betri nzima, yenye chaji kamili, inabaki na takriban nusu ya nguvu zake. Na asubuhi hiyohiyo injini, kwa sababu oili imekuwa nzito, inadai nguvu maradufu au zaidi. Mmoja amepungukiwa, mwenzake ameongeza madai. Ndiyo sababu kwenye lebo ya betri kuna namba ya ampea za baridi: inaeleza ampea ambazo betri inaweza kutoa kwa sekunde 30 ikiwa kwenye nyuzi hizo 18 chini ya sifuri bila kushuka chini ya volti 7.2. Unaponunua betri, tazama namba hiyo kabla ya kutazama rangi ya boksi.

Lakini kabla ya kununua! Kuna bwana mmoja alinunua betri mpya kubwa kuliko ile ya zamani, na bado asubuhi starta ilikuwa inajikongoja. Akaja amekasirika, anasema ameuziwa betri mbovu. Nilimwambia apande apige starta sekunde kumi, mimi nikaweka kiganja kwenye waya wa hasi, pale unapofungwa kwenye chasisi. Ulikuwa umepata moto wa kuunguza. Tulifungua bolti, chini yake kuna rangi ya kiwandani na kutu. Tukakwangua mpaka chuma king'ae, tukafunga, tukapaka grisi kwa juu. Akapiga starta na injini ikazunguka kama inavyotakiwa. Joto lililopaswa kuwa ndani ya silinda lilikuwa linaishia kwenye bolti. Betri ya zamani, nina hakika, haikuwa na kosa lolote.

Kwa hiyo jioni, safisha vichwa vya betri kwa brashi ya waya, kaza, na pima. Betri iliyolala na chaji kamili inasoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma 12, hiyo karibu ni tupu, hata kama taa zinawaka. Na sikilizeni hili, ni la hatari: betri yenye chaji kamili haigandi hata kwenye nyuzi 50 chini ya sifuri, ila iliyokwisha moto huganda kwenye nyuzi 10 tu chini ya sifuri, au hata kabla. Ukikuta betri imevimba ubavu, au ukifungua vifuniko ukaona barafu, usiichaji, usiichangie moto kutoka trekta jingine. Inaweza kukulipukia usoni. Itoe, iache iyeyuke mahali penye joto, kisha itazame kama haijapasuka.

Tukiwa kwenye kuchangia moto: waya wa chanya unakwenda chanya kwa chanya. Waya wa hasi unaanzia kwenye hasi ya betri nzima, ncha ya mwisho unaifunga kwenye chuma kitupu cha injini iliyogoma, mbali na betri yake. Betri hutoa gesi ya hidrojeni, na cheche ya mwisho haitakiwi iruke juu ya gesi hiyo.

Oili nitaipitia haraka, ingawa ina historia ndefu. Desemba 1941 majeshi ya Ujerumani yalikuwa karibu na Moscow, baridi ikashuka chini ya nyuzi 30 chini ya sifuri, na magari yao yakaganda. Oili na grisi ziligeuka gundi. Askari waliwasha moto wa kuni chini ya injini ili ziweze kuzunguka. Naona wengine mnatabasamu, kwa sababu mnawajua watu wanaofanya hivyo mpaka leo. Acheni. Chini ya injini kuna mabomba ya plastiki, kuna nyaya, kuna dizeli iliyovuja. Zamani walifanya hivyo kwa kukosa njia. Wewe una njia. Soma namba kwenye dumu: katika 15W-40, ile 15W ndiyo inayoeleza tabia ya oili kwenye baridi. Oili ya 15W hupimwa uzito wake wa kuzungushwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, ya 10W kwenye 25, ya 5W kwenye 30. Kama unakofanyia kazi baridi inauma kuliko hapo, badilisha oili kabla msimu haujaingia, kwa daraja ambalo kitabu cha trekta lako kinaruhusu. Basi, hilo limekwisha.

Mafuta sasa. Hapa nitakaa kidogo.

Dizeli ina nta ndani yake, parafini ileile ya kutengenezea mishumaa. Kukiwa na joto huioni, imeyeyuka humo. Baridi ikizidi, nta inaanza kujitenga, dizeli inakuwa na ukungu, na chembe zile zinakwenda kukaa kwenye filta. Dizeli ya msimu wa joto inaweza kuanza kufanya hivyo karibu na sifuri. Iliyochanganywa na mafuta ya mimea huanza mapema zaidi. Ya mawese huwahi sana. Ndiyo maana kiwango cha Ulaya cha EN 590 kina madaraja ya dizeli kutoka A mpaka F kwa nchi za baridi ya kawaida: la A limepimwa kupita kwenye filta mpaka nyuzi 5 juu ya sifuri, la F mpaka nyuzi 20 chini ya sifuri, na kuna mengine tena kwa nchi za barafu. Muuzaji mwaminifu anajua anauza daraja gani msimu huu. Muulize.

Dalili yake ni ya ujanja, ndiyo inayowapoteza mafundi. Nililetewa kesi ya trekta lililokuwa linawaka vizuri asubuhi, linanguruma dakika mbili tatu, kisha linazima lenyewe. Ukilipumzisha linawaka tena, linazima tena. Fundi alikuwa ameshatandika turubai chini, anataka kushusha pampu. Nikamwomba atoe filta kwanza. Kwenye bilauri ya kioo chini ya filta kulikuwa na tone la maji limeganda, gumu, linagonga kioo ukitikisa. Na karatasi ya filta ilikuwa imepakwa utando mweupe. Ukiugusa unateleza, ukiuacha kidoleni unayeyuka. Pampu haikuwa na tatizo. Injini ilikuwa inawaka kwa dizeli iliyokuwa mbele ya filta, ikiisha hiyo, nyuma hapapiti kitu.

Tufanyeje basi? Jioni, mwaga maji yaliyo chini ya filta, jaza tangi. Tangi likibaki nusu, ile hewa iliyobaki humo usiku hutoa unyevu ukutani, na asubuhi una maji kwenye mafuta. Dawa ya kuzuia kuganda tia kabla, dizeli ikiwa bado safi, kisha changanya. Wengi huimwaga nta ikishajitenga, na hapo haisaidii, haijatengenezwa kuyeyusha kilichokwisha kuganda. Kikishaganda, dawa ni kulisogeza trekta penye joto na kuweka filta mpya. Mafuta ya taa? Yanapunguza kuganda, kweli, na viwanda vingine vinaruhusu kiasi, lakini yanaondoa utelezi unaoilinda pampu, kwa hiyo fuata kitabu, usifuate jirani. Petroli usitie kabisa. Mvuke wake ndani ya tangi la dizeli ni bomu.

Sasa ni alfajiri, uko mbele ya trekta. Ungekuwa na hita ya injini, ile inayochomekwa kwenye umeme na kupasha maji ya rejeta, ningekuambia uiweke saa mbili mpaka nne kabla ya kazi, na nusu ya hotuba hii ningeikata. Kwa maoni yangu hakuna pesa inayotumika vizuri zaidi kwa trekta la nchi ya baridi. Asiye nayo ana plagi za joto, ambazo hazitoi cheche, zinapata moto tu, au ana kipasha hewa kwenye njia ya hewa. Injini nyingi za zamani za Perkins zina kidude kinachodondosha dizeli kidogo juu ya waya uliopata moto, miali ikapasha hewa inayoingia. Wengi hawajui kama kipo. Waya umekatika miaka na miaka, nafasi ya ufunguo ipo, wanaipita tu.

Weka gia kwenye nyutro, toa PTO, ile shafti ya kuendeshea zana, kanyaga klachi mpaka chini. Klachi siyo ya usalama tu: usipoikanyaga, starta inazungusha na gia zilizozama kwenye oili nzito. Geuza ufunguo kwenye joto, subiri. Subiri! Sekunde 15, 20, kama kitabu kinavyosema. Dereva wa haraka anahesabu mpaka tatu. Kisha piga starta kwa sekunde 10 au 15, siyo zaidi. Ikikataa, achia, pumzika dakika mbili nzima, pasha tena, piga tena. Zile dakika mbili siyo adhabu. Starta inapoa, na betri inajikusanya.

Na hapa ndipo kopo la etha, ile ya kupuliza kwenye njia ya hewa ili injini iwake, linapotolewa kwenye boksi la vifaa. Ndugu zangu, etha inashika moto kwenye joto dogo kuliko dizeli, haingoji pistoni ifike juu. Ukiipuliza kwenye trekta lenye plagi za joto au kipasha hewa, inakutana na chuma chekundu. Nimeona bomba la hewa limeng'olewa na kurushwa, na injini ilipofunguliwa, ringi vipandevipande na pistoni imepasuka mahali ringi zinapokaa. Aliyepuliza alikuwa ametoka tu kupasha plagi. Kama kiwanda kimeweka mfumo wake wa etha, tumia huo kama ilivyoandikwa. Vinginevyo acha. Wengine wanasema injini yao "imezoea" etha. Injini haizoei kitu. Imechakaa, haibani tena, na wewe umekuwa ukificha ugonjwa kwa kopo.

Kuna jambo moja zito zaidi. Baridi inapotuchosha, mtu anashuka, anasimama chini mbele ya gurudumu kubwa, anachukua bisibisi anaunganisha vichwa viwili vya starta. Swichi ya usalama ya klachi ameipita. Kama trekta liko kwenye gia, linawaka na kuondoka palepale, na gurudumu la nyuma linapita alipo yeye. Kwenye baridi injini inashika ghafla, hupati hata nafasi ya kuruka. Watu wamekufa hivyo nchi nyingi, wengi wao wakiwa wazoefu, kwa sababu mgeni hajui kwamba ujanja huo upo. Mwenye trekta aliyepo hapa, kama dereva wako anawasha kwa bisibisi, usilipeleke shambani. Tengeneza swichi leo.

Limewaka? Tazama taa ya oili. Ifutike ndani ya sekunde chache; isipofutika, zima. Usipandishe mafuta. Turbo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, inazunguka kwa kasi kubwa na oili bado haijamfikia, mpe nusu dakika au zaidi. Kama uko ndani ya banda, mlango wazi, moshi utoke. Ule moshi unaua bila kukohoa. Halafu usiliache linguruma taratibu nusu saa ukinywa chai. Dizeli haipati joto kwa kukaa bure. Mafuta yasiyoungua yanateremka ukutani mwa silinda na kuharibu oili. Dakika chache zinatosha. Zungusha usukani polepole, pandisha na shusha mikono ya nyuma mara kadhaa ili haidrolika iamke, kisha ondoka kwa mzigo mwepesi mpaka mshale wa joto upande.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Fundi yule wa kule nyuma amenyoosha mkono tangu nilipotaja etha na hajaushusha mpaka sasa. Mpeni kipaza sauti.